Neno Nililoliacha Wazi

Kibirichia, Jumapili mchana

Kagendo mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana kikombe ulichonywea chai asubuhi bado kiko hapa mezani ninapoandikia. Umeenda Meru na baba yako kukata tiketi ya basi, nami nimepata nafasi nyumba ikiwa kimya. Mvua ya rasharasha inanyesha, mlima umejifunika, na ng'ombe hawajaanza kulia kutaka maji. Nikingoja mpaka uanze kufunga mizigo sitaandika kitu. Nitabaki nikizikunja upya nguo ulizokwisha kuzikunja.

Mambo ya blanketi, ya pasipoti, ya kutolala usingizi mzito mpakani, baba yako amekwisha kuyasema na atayasema tena. Mimi nataka kukuandikia juu ya woga wangu. Najua umeuona. Ijumaa, tulipokuwa tukila, ulitueleza kazi unayoiendea Dar es Salaam, nami nikaondoka mezani nikasema naenda kumtazama ndama. Ndama hakuwa na shida yoyote. Sikutaka uuone uso wangu siku uliyokuwa na furaha hivyo.

Ulisema, "Mama, nitakuwa mtunzaji wa maneno." Ukamweleza baba yako kwamba kurasa za kompyuta mtakazotengeneza zitasomwa kwenye zahanati za nchi kadhaa, na kwamba maneno hayaandikwi moja kwa moja kwenye ukurasa. Kila lugha ina faili yake. Kila kipande cha maneno kina jina lake, na ukurasa una matundu. Muuguzi akichagua Kiswahili, mashine inakwenda kwenye faili ya Kiswahili, inachukua vipande, inaviingiza kwenye matundu yake. Akichagua Kifaransa, vivyo hivyo. Baba yako akacheka, akasema ni kama mama aliye na masufuria mengi na mwiko mmoja. Nawe ukacheka. Mimi sikucheka kwa sababu kazi hiyo naijua, Kagendo. Nimeifanya. Na yale ya kwa Baba Mwiti uliyasikia nusunusu tu, kwa kuwa ulikuwa chuoni, na uliporudi tulikuwa tumechoka kuyasema.

Nikuanzie mbali kidogo. Unajua nilitoka Kiritiri, chini kwenye joto, nikaolewa huku kwenye baridi ya viazi. Nilikuja na Kimbeere changu, na cheti cha ualimu, na kiburi cha msichana aliyesoma. Watu husema Kimbeere na Kimeru ni ndugu. Ni ndugu kweli, lakini ndugu wanaweza kukusababishia aibu kuliko wageni, kwa sababu unadhani unawaelewa. Nyanya yako alikuwa akinipa maagizo jikoni, nami naitikia kwa kichwa. Nusu sikuyaelewa. Niliona heri nikosee kuliko niulize, nionekane mjinga mbele ya mama wa mume wangu. Nikawa napika visivyotakiwa na kuacha vinavyotakiwa, naye akawaambia wanawake wenzake kwamba mwalimu aliyeolewa na mwanawe ana masikio magumu. Ndiyo maana ulipozaliwa, mimi na baba yako tuliamua nyumba hii izungumze Kiswahili katikati yetu, lugha ambayo si ya mmoja wetu, ili kila mtu aruhusiwe kuuliza. Wewe ulikua ukidhani ni kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili.

Lakini ile tabia ya kuitikia kwa kichwa haikuniacha. Ilijificha tu.

Mradi wa viazi ulipofungua ofisi pale sokoni, mwaka ule ambao mvua fupi zilikuwa zimekataa, walikuja kunitafuta. Walikuwa na kompyuta moja, simu iliyounganishwa nayo, na wazo zuri. Mkulima angekuja siku ya soko, asome kwenye kioo jinsi ya kuchagua mbegu, jinsi ya kupiga dawa ya ugonjwa wa majani tunaouita baridi, na asiyeweza kusubiri zamu yake angesoma karatasi zilizochapishwa na kubandikwa mlangoni. Kiingereza, Kiswahili na Kimeru. Kimeru kingekuja baadaye. Mimi nikapewa Kiswahili.

Kijana aliyekuwa akitengeneza kurasa hizo aliitwa Kirimi, mtu wa upande wa Nkubu, lakini akifanya kazi Nairobi. Alikuwa na adabu na alikuwa na haraka. Alinitumia karatasi zenye vipande vya Kiingereza upande mmoja, na upande wa pili nafasi ya kujaza. Nilizipokea nikadhani nitapata habari ya kutafsiri, yenye kichwa na miguu. Nilipata vipande tu. Neno moja hapa, maneno mawili pale. Sikujua lipi liko juu ya ukurasa na lipi liko chini, lipi ni amri na lipi ni jina la kitu. Ilikuwa kama kupewa mifupa ya mnyama na kuambiwa umtaje bila kumwona.

Palikuwa na neno "store". Nikaandika duka. Siku ya kwanza ya kurasa hizo, wakulima walisoma, "Duka viazi mahali penye giza," wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba Mwiti, jirani yetu wa mteremkoni, alinipita shambani akaniuliza, "Mwalimu, hilo duka la gizani linauza nini?" Nilicheka pia. Nikampigia Kirimi simu, akabadilisha ikawa "hifadhi". Kicheko kile kilinidanganya, mwanangu. Kilinifanya niamini kwamba makosa ya kazi hii ni ya kuchekesha, na kwamba yakitokea mtu ataona, atacheka, nasi tutasahihisha.

Kwenye karatasi hizo hizo palikuwa na kipande kingine. "Do not." Peke yake kwenye mstari wake. Chini yake vitendo vimepangwa, kila kimoja na mstari wake: panda, mwagilia, lisha mifugo, pika. Nilielewa alichokuwa amefanya. Kwa Kiingereza katazo linasimama mbele ya kitendo chochote, kwa hiyo yeye aliliandika mara moja tu, akalitumia kila mahali. Alikuwa akijiokolea kazi. Nikampigia simu kutoka pale ofisini, karani akiwa ananitazama ili nisikae sana kwenye laini.

Nikamwambia, "Kirimi, hili katazo kwa Kiswahili halina nyumba yake. Linaingia ndani ya kitendo. Usipande. Usilishe. Msipike. Siwezi kuliandika peke yake."

Akasema, "Mwalimu, andika tu lile neno, mashine itaunganisha."

"Neno gani? Hakuna neno. Ni silabi."

Nilisikia watu wakiongea nyuma yake. Akasema, "Basi hiyo iache wazi kwa sasa. Nitarekebisha mwenyewe."

Nikasema, "Sawa."

Nikaacha wazi. Ndilo neno lenyewe ninalokuandikia habari zake. Nilijua kabisa kwamba pana shimo pale, nikasema sawa, nikarudi nyumbani kupalilia. Kirimi alikuwa na mambo mengi, akasahau. Mimi sikuwa nimesahau. Kila nilipopita pale ofisini niliwaza, nimwulize kama alirekebisha? Halafu niliona haya. Yeye ndiye mtu wa kompyuta; mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Wala sikuomba kuonyeshwa ukurasa wa Kiswahili ukiwa umekamilika. Kioo kile kilinitisha. Niliogopa kugusa kitu nikaharibu mashine ya watu, kumbe uharibifu ulikuwa umekwisha kuingia.

Kirimi alifungua ukurasa wa Kiingereza akauona uko sawa. Na mashine, ilipofika kwenye shimo langu, haikulia wala haikusimama. Iliweka pale kile nilichoipa. Nilikuwa nimeipa kimya, ikaweka kimya.

Kabla ya mvua ndefu, mradi uligawa viazi vya mbegu vilivyopakwa dawa ya unga ili visiozee ardhini. Wakati huo watu walikuwa wamebana tumbo. Unakumbuka barua ya baba yako kwamba tulikuwa tukichanganya mahindi na ndizi mbichi. Chini Mbeere, kwa wajomba zako, hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mbegu zilipokuja, kila mtu alijiuliza vile vitakavyobaki baada ya kupanda vitafanywa nini. Ofisi ikachapisha ukurasa, ikabandika mlangoni.

Nilifika sokoni nikitafuta mafuta ya taa. Nilikuwa nimekwisha kuyanunua, nashika njia ya kurudi, nikaona watu wawili watatu wamesimama mlangoni pa ofisi wakisoma. Nikasogea kwa kupenda tu kuona kazi yangu. Kagendo, nilisoma hivi: "Mbegu zilizobaki: lisha mifugo. Pika."

Sijui kama umewahi kusikia mwili wako ukiondoka ukakuacha umesimama. Nilisoma tena. Kulikuwa na nafasi ndogo kabla ya "lisha", nyeupe, kama pengo la jino, na nyingine kabla ya "Pika". Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba palikosekana kitu. Kwa mtu mwingine yeyote sentensi ilikuwa nzuri, tena ilikuwa habari njema. Nikaibandua ile karatasi mlangoni mpaka ikararuka.

Karani akatoka mbio. "Mwalimu, wafanya nini?"

"Nani amesoma hii?"

"Watu wengi. Iko hapo toka asubuhi."

"Nani, nakuuliza."

Akaniona uso, akaacha ubishi. "Baba Mwiti alikuwa hapa. Aliwasomea wengine kwa sauti. Amechukua mbegu zake akaenda."

Nikamwambia afunge ofisi, apande juu ya ngazi za ghala la pale sokoni awatangazie watu wa soko kwamba viazi vile ni sumu, visiliwe na mtu wala mnyama, na awatume waliokuwa wakirudi upande wa Ntumburi na upande wa Kiirua wapeleke habari. Aliniambia hana ruhusa ya mkubwa wake. Nikamwambia atangaze kwa jina langu. Chupa ya mafuta niliiacha pale chini, nikateremka kwa Baba Mwiti.

Njia ile unaijua, inavyoteleza. Nilianguka nikaamka. Nilikuwa nikiomba, lakini sikuwa na maneno, nilikuwa nikisema tu, bado, bado, bado. Nilipofika kwenye lango niliona ng'ombe wao mwekundu amelala ubavu, shingo imenyooka, povu mdomoni. Baba Mwiti alikuwa amepiga magoti anamshika sikio. Hakuniangalia.

Nikapita moja kwa moja mpaka jikoni. Mama Mwiti alikuwa ameinama juu ya moto. Sufuria ilikuwa inatokota na watoto wamekaa kwenye magogo wakingoja, kila mmoja na sahani yake. Nikaikamata sufuria kwa mikono mitupu nikaimwaga nje, maji, viazi, yote. Kovu la kidole changu ulilowahi kuniuliza, ndilo hilo.

Mama Mwiti alisimama. Ulijua jinsi tulivyokuwa. Tulipalilia pamoja, tukazaa miaka ileile, na barua za Mwiti kutoka jeshini nilikuwa nikimsomea mimi, hata zile za siri. Alinitazama kama mtu aliyeingiliwa na mwizi.

"Mwalimu, una nini?"

"Vina dawa. Vina sumu, Mama Mwiti. Wamekula?"

"Lakini imeandikwa tupike."

"Imeandikwa vibaya."

"Baba Mwiti ameisoma mwenyewe. Amesema ni wewe umeandika." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilimwuliza, hii dawa ya pinki haidhuru? Akaniambia, imeandikwa na Mwalimu."

Nikauliza tena, "Wamekula?"

Watoto wakatazamana. Mkubwa wao akaonyesha kwa kidevu. Nkirote, kitinda mimba wao, alikuwa amechoma kimoja kwenye majivu mama yake alipoenda kuteka maji. Alikuwa amejikunja nyuma ya mlango, ameshika tumbo, ameogopa kusema kwa kuwa alidhani atachapwa kwa kudokoa.

Baba yako ndiye aliyepata pikapu ya mwenye ghala. Nilimpakata Nkirote mpaka hospitali, Mama Mwiti kando yangu ameshika miguu ya mtoto. Mtoto alitapika, akatetemeka, akawa analegea, nami nikawa namwita jina ili asilale. Daktari aliuliza ni dawa gani. Nikampa ile karatasi iliyoraruka, halafu nikatambua kwamba haitamsaidia kitu, kwa sababu imeandikwa vipikwe. Nililazimika kumwambia kwa mdomo kile ambacho karatasi ingepaswa kusema, mbele ya mama wa mtoto.

Nkirote hakufa. Nakuambia sasa usije ukasoma ukiwa umeshika moyo. Alikaa hospitalini muda, akatoka amekonda, na kwa miezi alikuwa akiumwa kichwa darasani. Ng'ombe alikufa kabla hatujarudi. Upande wa Ntumburi mbuzi walikufa kwenye maboma mengine. Habari iliwafikia wengi kwa wakati kwa sababu karani yule alipanda ngazi akapaza sauti bila ruhusa, akaendelea mpaka sauti ikakauka. Siku hizi nikikutana naye namsalimia kwa mikono miwili.

Baadaye mkubwa wa mradi aliitisha mkutano. Alianza kusema kwamba ni hitilafu ya kompyuta. Watu wakatikisa kichwa, maana kompyuta haiulizwi na mtu. Nikasimama nikasema kwamba palikuwa na mahali pa kukataza, na kwamba mimi nilipaona kuwa pako wazi, nikapaacha. Kirimi alikuwepo. Alikuwa amekuja na basi la usiku na hajapiga pasi shati. Naye akasimama akasema, "Ni mimi niliyemwambia apaache." Hatukuwa tumepatana kusema hivyo. Baba Mwiti alitusikiliza wote wawili, akauliza swali moja tu: "Na kabla ya kubandika, hamkuwa na mtu wa kusoma?" Tukakaa chini.

Kirimi hakurudi Nairobi siku hiyo. Alikuja kulala hapa kwetu, kwenye chumba chako, na kesho yake tukakaa ofisini tangu asubuhi. Alinikalisha mbele ya kioo. Nilimwambia naogopa kukigusa. Akasema, "Mwalimu, hata mimi leo nakiogopa." Tulivunja ile kazi yote tukaianza upya. Kila katazo likawa sentensi yake nzima, haliunganishwi na kitu. Pasipokuwa na tafsiri, alifanya ukurasa usitoke kabisa, utoe alama nyekundu na jina la kipande kinachokosekana, hata mkubwa akikasirika. Na Kiingereza kikibadilishwa, Kiswahili chake kilikuwa kinawekewa alama kwamba kimepitwa, mpaka nikitazame tena. Nilimwomba kitu kimoja kutoka kwangu: nisisome vipande kwenye karatasi tena. Nisome ukurasa wenyewe, mahali pake, kama atakavyousoma mkulima. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua maneno mengine mengi yaliyokuwa sahihi kwenye karatasi na upumbavu kwenye ukurasa.

Tulimpelekea Mama Mwiti yule mtamba wetu wa pekee. Baba yako alimwongoza kwa kamba, mimi nikifuata nyuma. Mama Mwiti alipokea kamba, akamfunga mtamba kwenye mti, akasema asante. Kisha akaingia ndani. Barua za Mwiti siku hizi anasomewa na mke wa katekista. Tunasalimiana, tunapeana moto, tukikutana kwenye matanga tunakaa benchi moja. Lakini hajaniletea barua tena, nami sijathubutu kuuliza kama mwanawe ni mzima.

Hayo ndiyo yaliyonipeleka kwa ndama Ijumaa.

Wewe uliniambia, "Mama, siku hizi programu zinatambua zenyewe pengo likiwepo." Ulikuwa na subira, uliniambia kama mtu anayemweleza mgonjwa. Nakuamini. Watu wa kanisani wanasema kompyuta zote zitakufa mwaka ukigeuka kuwa elfu mbili, na hilo halininyimi usingizi. Mashine ikifa, watu wataona imekufa. Naogopa mashine iliyo nzima inayoweka kimya mahali pa neno, na mtu mwenye akili aliyeliona shimo akasema sawa. Tena kwenu si mbegu. Ni dawa za wajawazito na watoto. Ni mara ngapi kwa siku, kabla ya chakula au baada. Kila nikifikiria hilo namwona Nkirote nyuma ya mlango, na safari hii sijui njia ya kwenda kwao.

Na naogopa jambo jingine, dogo, ambalo baba yako ataliona la kipuuzi. Unaenda kwa wenye lugha. Huku wewe ni mtoto wa mwalimu, Kiswahili chako kinasifiwa. Huko utafungua mdomo wakucheke. Watakuambia unasema kama mtu wa bara, utaweka kiambishi mahali pake wakatabasamu, kwa sababu wao wanalikata neno vingine. Siogopi wakucheke. Naogopa utakavyofanya baada ya kicheko. Mimi najua mtu aliyechekwa anavyojifunza kunyamaza. Anaanza kuitikia kwa kichwa. Na wewe una shingo yangu, Kagendo. Nimekuona ukiitikia mambo ambayo hukuyaelewa, tangu ukiwa mdogo, kwa upole, ili mtu asijisikie vibaya. Watu hukusifu kwa hilo. Mimi nikiona natamani kukushika kidevu.

Labda ningekuambia usiende. Nililifikiria. Juzi nilimwambia baba yako, "Baba Kagendo, tumwambie akae afundishe hapa." Akanijibu, "Na hao mama wa zahanati watasomewa na nani? Na mtu ambaye haogopi?" Akaendelea kunoa panga lake. Nilikasirika, maana alikuwa amesema kweli mapema mno, kabla sijawa tayari kuisikia.

Basi nenda. Najua hutaacha kuniandikia kwamba u mzima, unakula, chumba kina dirisha. Niandikie hayo, nitayasoma kwa furaha. Lakini yule mwenye duka ana simu sasa, na amekubali kuniita ukipiga jioni ya Jumamosi. Laini itakuwa ghali na watu watakuwa wakinunua sukari, kwa hiyo tusipoteze muda kwa salamu. Usiniambie kwamba kazi inaendelea vizuri. Niambie neno moja lililokushinda wiki hiyo, na jina la mtu uliyemwuliza. Ukiniambia hivyo, nitamshukuru mwenye duka, nitarudi nyumbani, na nadhani nitalala.

Nasikia lango. Baba yako anakohoa, na wewe unacheka kwa kitu alichosema. Sitakupa barua hii mkononi. Naiweka kati ya nguo zako.

Mama yako